Mimi ni Mwislamu, wanangu wamesoma kwa masista: jibu refu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza hivi: binti yako amepata nafasi ya darasa la kwanza shule ya msingi ya masista, wewe na mama yake ni Waislamu, mama anaogopa mtoto atabatizwa, na shangazi zake wameshaanza kukusema. Unataka aliyepitia akuambie maisha ya mle ndani yakoje. Nimesoma majibu ya wenzangu hapo juu. Nusu wanasema kimbia, nusu wanasema peleka ufumbe macho, na nahisi wengi hawajawahi kukalia benchi la kikao cha wazazi pale. Mimi nimelikalia tangu 2015. Wa kwanza, kijana, alimaliza la saba 2021. Wa pili, binti, aliingia la kwanza 2022 na bado yupo. Niko Morogoro, shule siitaji.

Nianze na aibu yangu. Wiki ya kwanza kijana alisahau daftari, nikampelekea. Nagonga mlango wa darasa, watoto zaidi ya arobaini wanasimama kwa mpigo: "Tumsifu Yesu Kristo!" Nikaganda. Kuitikia walivyozoea, ulimi umegoma. Kunyamaza mbele ya watoto waliokusimamia ni kukosa adabu. Nikasema, "Marahaba." Darasa likaangua kicheko, mwalimu akageukia ubaoni mabega yakimtikisika. Tangu siku hiyo mimi pale ni Baba Marahaba, mpaka kwa mlinzi wa getini.

Haya, ubatizo. Hofu ya mama mtoto usiidharau, maana wazee wetu waliyaona. Zama za mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na Mwislamu aliyetaka kusoma alijikuta anachagua kati ya kitabu na dini yake. Wengi walibaki nyumbani. Mjomba wa marehemu baba aliingia misheni akiwa Yusufu akatoka Joseph, na hadi anazikwa ukoo ulikuwa haujakubaliana aitwe lipi. Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazichukua shule za madhehebu zilizokuwa zikipewa ruzuku, mtoto wa dini yoyote akaingia. Hizi tunazozigombania leo nyingi zimeota baada ya mlango wa shule binafsi kufunguliwa tena miaka ya 1990. Zinaishi kwa ada, na ada haina dini.

Hata hivyo mimi sikuridhika na hesabu hiyo, nikamwuliza Paroko, padri msimamizi wa parokia, uso kwa uso baada ya kikao. Akanipa kanuni, hakunibembeleza. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 868: mtoto habatizwi kihalali pasipo mzazi mmoja angalau, au mlezi anayesimama mahali pao, kuridhia, wanachotenga ni mtoto aliye katika hatari ya kufa. Akishapita miaka saba anahesabiwa kama mtu mzima katika jambo hilo, lazima aombe mwenyewe na apite ukatekumeni, yaani mafundisho ya kumwandaa mtu kubatizwa, na ukatekumeni si kitu cha wiki mbili. "Mimi nina Wakatoliki wa kuzaliwa hawajamaliza mafundisho ya kipaimara," akaniambia, "nitamtafuta wako wa nini?"

Binti alitaka kujiunga na Utoto Mtakatifu, lile shirika la watoto lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Forbin-Janson wa Nancy. Usidhani ni imani iliyomvuta. Ni skafu na safari. Sista mlezi ndiye aliyemkatalia kabla yangu, akamwelekeza skauti, nako kuna skafu. Kesi ikaishia hapo.

Lakini nisikufiche, kosa lilitokea. Muhula wa kwanza wa binti, sikukuu ya somo wa shule. Hapo nikupe tahadhari ya lugha: somo ni mtakatifu msimamizi wa shule. Mke wangu ni Mzaramo, kwao somo ni yule mama anayemfunda mwali. Kwenye diari ya mtoto wa miaka saba imeandikwa "kesho ni sikukuu ya somo, wazazi mnakaribishwa", alinipigia simu kazini anatetemeka. Sasa siku hiyo ni Misa ya shule nzima. La kwanza wakapangwa mstari, mstari ukaenda mbele, na binti yangu ndani yake, hakuna aliyemwambia akae. Padri akamtambua ni mdogo, hajafika hata rika la Komunyo ya kwanza, akamwekea mkono kichwani akampitisha. Jioni ananisimulia: "Baba, wenzangu wakubwa wote wamepewa, mimi padri kanishika kichwa kaninyima biskuti." Wakatoliki mnisamehe, nilicheka. Mke wangu hakucheka. Kesho yake saa moja na nusu tulikuwa ofisini kwa Sista mkuu, na mke wangu ndiye aliyesema, mimi nilikuwa dereva tu. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kosa letu, mama." Hakuongeza "lakini". Tangu hapo wasio Wakatoliki wanakaa benchi za kulia pamoja na mwalimu mmoja Mlutheri. Wapo Waislamu, Walutheri, Wasabato, wapo na Wapentekoste ambao kwa kuimba wanawashinda wenye kanisa.

Kuhusu hijabu: pale kwetu sare hairuhusu. Binti anaivaa akishatoka getini. Hilo mke wangu linamuuma mpaka leo, na mimi sina jibu zuri la kumpa zaidi ya kwamba lilikuwa kwenye fomu na tulisaini. Zipo shule za masista zinazoruhusu. Uliza kabla hujalipa, si baada.

Sasa nikuambie kitu ambacho hakuna aliyekutajia na ndicho kitakachokusumbua kuliko vyote: muda. Gari la shule linapita kwetu saa kumi na mbili kasoro. Vipindi vinaisha saa tisa na nusu, kuna usafi, kuna masomo ya ziada, gari linazunguka mji mzima, binti anashuka saa kumi na moja na nusu amelala na begi mgongoni. Chuoni kwa ustadhi wanaanza saa kumi. Umeona? Hakuna sista aliyemkataza kwenda madrasa, saa ndiyo iliyomkataza. Alipofika la tatu, wenzake wa mtaani walikuwa wameshahitimu Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kurani, yeye bado yuko sura ya Wa-dhuha humohumo, na anaisoma kwa kusitasita. Ndipo nilipoanza kuona haya, si ile siku ya biskuti. Tukakaa na ustadhi, akakubali Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi. Yaani wenzake wakiwa Misa, yeye yuko chuoni. Ikabidi nimwongezee ustadhi kidogo, na mtoto hana siku ya kucheza ukiacha Jumamosi mchana. Ukimpeleka huko bila kupanga hili kwanza, usije ukawasingizia masista baadaye.

Kuna jambo la saa sita mchana pia. Kengele yao ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ikigongwa saa sita, shule nzima inasimama palepale ilipo kwa sala ya Malaika wa Bwana. Nililiona siku moja nikiwa nasubiri risiti: mtoto mmoja mguu juu ya ngazi, mwingine ndoo mkononi, mpishi kashika mwiko ndani ya sufuria la makande wala hakorogi. "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria..." Binti yangu wakati huo anasimama kimya, ndivyo tulivyokubaliana. Ila masikio hayafungwi. Ustadhi alipofika Surat Maryam akauliza nani anajua malaika aliyemjia Bi Maryamu alimwambia nini, aliyenyoosha mkono ni yeye. Ustadhi akamsifu. Mimi na mke wangu tukatazamana, hatukusema kitu.

Mwaka 2025 Ramadhani iliingia siku za mwanzo za Machi, na Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza mfungo wao wa Kwaresima, ikawa Machi 5, wiki ileile. Binti alikuwa la nne, akasema anafunga. Siku ya Ijumaa Wakatoliki nao wana Njia ya Msalaba, na darasa lao lilikuwa limekubaliana kunywa uji bila sukari, hela ya sukari iingie kwenye kopo la Kwaresima kwa ajili ya wagonjwa. Mpishi anauliza nani kafunga leo, mikono inanyooka pande zote. Ubishi ukaanza. "Nyie mnafunga mnakunywa uji!" "Nyie mnafunga halafu usiku mnakula kuku!" Sista akaja na jibu lililowaumiza wote sawasawa: kwa Kanisa, kufunga kunaanza miaka kumi na minane, na kuacha nyama miaka kumi na minne, kwa Uislamu, mpaka kubalehe, kwa hiyo mezani pale hakuna hata mmoja anayelazimika. Binti alifunga siku kumi na moja. Sista alimtoa kwenye riadha mwezi ule bila mimi kuandika barua. Na kwenye ubao wa matangazo walibandika salamu za Vatikani kwa Waislamu, zile zinazotolewa kila Ramadhani tangu 1967. Mimi Mwislamu sikuwa najua kama zipo.

Michango: ada ina fomu, michango haina. Askofu anakuja kutoa kipaimara, kuna kitenge. Mahafali ya la saba, kuna keki. Sista anafunga nadhiri za daima, kuna mbuzi. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa ndilo gazeti la shule: humo utapata nani kahamia, mwalimu gani kajifungua, nani kapandisha alama, maana NECTA, baraza la mitihani, siku hizi haitangazi kumi bora na wazazi wameamua kujitangazia wenyewe. Humo pia ndimo watu wanagombana. Ugomvi wa kitenge cha askofu ulichukua siku tatu na watu wanne wakatoka kundini. Mimi huwa natoa kwa yanayomhusu mtoto wangu moja kwa moja, mengine nanyamaza. Hakuna aliyewahi kunifuata.

Halafu mama yangu akafariki, 2023, usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilituma ujumbe mmoja tu kwa mwalimu wa darasa kwamba binti hatakuja. Kabla ya saa nne asubuhi wale wazazi waliotukanana kwa ajili ya kitenge walikuwa uani kwangu wanapanga viti, mmoja kaleta simtanki la maji kwenye pikapu yake. Wakaja masista watatu na mchele, sukari na bahasha, wakavua viatu, wakaingia ndani, wakaketi mkekani na wanawake. Shangazi yangu mkubwa, macho yameshafifia, akamsogelea mmoja akamshika kitambaa cha kichwani akakipapasa: "Mwanangu, mtandio wako umetulia. Umeununua wapi?" Sista akamjibu, "Nimepewa kazini, mama." Shangazi akaitikia, kazi nzuri hiyo. Huyo ndiye aliyekuwa akinisema kuliko wote 2015. Mke wangu alimwambia baada ya arobaini, na mpaka leo akisikia jina la shule anauliza yule wa mtandio hajambo?

Umeuliza kama mtoto atabadilika. Atabadilika. Kijana wangu anaswali, ila hawezi kula bila kwanza kuinamisha kichwa sekunde mbili, na akiulizwa anasema ni bismillah ya kimya. Binti anaosha vyombo huku anaimba nyimbo za Bikira Maria za mwezi Mei, sauti ya pili kabisa, halafu anajishtukia anahamia kaswida. Kama hilo huwezi kulivumilia ndani ya nyumba yako, usimpeleke, na hakuna atakayekulaumu. Kama unaweza, kaongee na ustadhi wiki hii kabla hujalipa awamu ya kwanza, soma kipengele cha sare mara mbili, na siku ya usaili mwache mama mtoto ndiye aende. Aingie mpaka darasani. Wakisimama kumsalimia, marahaba inapokelewa.