Kabla ya Kununua Nyumba ya Zamani ya Shamba, Fuata Njia ya Maji

Watu wengi wa Dar es Salaam siku hizi wanatafuta nyumba za zamani za shamba, zile ambazo wazee walijenga miaka ya 1970 na 1980 kule Kibamba, Pugu, Chanika, Bunju, Mabwepande na Kigamboni, enzi ambazo huko ilikuwa minazi na mikorosho. Wazee wametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, na nyumba inauzwa na eneo lake kubwa, miembe yake na kivuli ambacho huwezi kukipata kwenye kiwanja kipya. Mimi nazipenda sana nyumba hizi. Ndugu na jamaa wamezoea kuniomba niwasindikize kabla hawajatoa hela, nami huwaambia neno moja: karibu kila ubovu tutakaoukuta huko umeletwa na maji. Ukijua yanaingia wapi, yanapita wapi na yanatuama wapi, umeijua nyumba.

Kwa hiyo nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha. Dalali atakwambia barabara haipitiki, tusubiri jua. Vaa mabuti uende. Kama muda haukuruhusu kungoja masika, kaa na majirani wakongwe uwaulize: zile mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yalifika wapi hapa? Na mafuriko ya Desemba 2011? Jirani hana cha kukuuzia, atakuonyesha kwa mkono ukutani yalipoishia.

Ukiingia ndani, kinachopaswa kukutia shaka kuliko vyote ni nyumba kongwe iliyopigwa skimu, yaani lile tabaka laini la kumalizia ukuta, na rangi mpya muda mfupi kabla ya kuuzwa. Macho yako yashuke chini, kwenye mita moja ya kwanza kutoka sakafuni. Omba kitanda na kabati visogezwe. Pitisha kiganja ukutani. Ukikuta unga mweupe, plasta iliyovimba au rangi inayobanduka kama magamba, unyevu unapanda kutoka ardhini. Maji hunyonywa na tofali, hupanda, hukauka juu ya plasta na kuacha chumvi yake pale. Nyumba nyingi za wakati ule hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Nyingine iliwekwa, ila baadaye mwenye nyumba akamwaga kifusi na kujenga baraza lililopanda kuliko ile nailoni, basi unyevu ukapata njia ya kuiruka.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Fundi atakuja, atabandua plasta iliyooza, atapiga mpya ya saruji kali, na ukuta utapendeza kwa muda. Kisha chumvi itatokeza juu zaidi ya pale ilipokuwa, maana umeuzibia unyevu njia ya kutokea. Tiba huanzia nje: shusha udongo uliorundikana ukutani, chimba mtaro, hakikisha maji ya paa yanaangukia mbali na msingi. Uache ukuta ukauke vya kutosha, ndipo uite mtu wa rangi.

Kwa nyumba za karibu na bahari kuna chumvi nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 wanunuzi wamemiminika Kigamboni, na humo zimo nyumba ambazo zege lake lilichanganywa kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi. Chumvi huvunja kinga ambayo zege huipa nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege linapasuka kutokea ndani. Tazama chini ya linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya mlango au dirisha, kwenye nguzo za baraza na kwenye slabu iliyobeba tangi la maji. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la kahawia, ndio dalili yake. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu: zege zima hulia kwa sauti kavu, lililoachana hutoa sauti ya uwazi. Akitokea mtu wa kukwambia hapo panapakwa saruji tu, usimsikilize. Zege bovu linavunjwa hadi chuma kisicho na kutu kionekane, na mara nyingine linta yote inatolewa.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta zisikukoseshe usingizi. Ufa wa kuchunguza ni ule unaoanzia kona ya dirisha na kwenda mshazari, au unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, au uliofumbuka juu kuliko chini. Nyumba nyingi za zamani hazina mkanda wa linta unaozunguka nyumba nzima, zina vipande vifupi juu ya kila mlango na dirisha, kwa hiyo msingi ukicheza kidogo kona ndizo zinazopasuka. Upana ukizidi milimita 5, tafuta kwanza sababu ndipo uzungumzie ukarabati. Mara nyingi ni udongo wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Udongo wa Kibaha, hapo jirani mkoani Pwani, unajulikana kwa kupasua nyumba, na udongo hausomi mpaka wa mkoa, hivyo ukinunua upande wa Kiluvya na Kibamba chimba kishimo uutazame. Mara nyingine sababu ni mti. Mkrismasi ulio karibu na ukuta unapendeza sana Desemba, lakini mizizi yake haina huruma na msingi wala mabomba.

Kama mwenye nyumba anakubali, weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, paka jasi kidogo katikati, kisha rudi mvua zikishapita. Jasi ikiwa imepasuka, nyumba bado inatembea.

Jaribio jingine dogo ni kukwaruza tofali kwa msumari mahali pasipo na plasta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchini na saruji ilikuwa ya kuhangaikia. Mafundi waliizidishia mchanga ili itoshe, na siwalaumu, walijenga kwa walichopata. Tofali likimomonyoka kama biskuti, usiwaze kuongeza ghorofa juu yake.

Paa linataka tochi na ngazi. Panda juu ya dari, zima tochi, uone mwanga unapenya wapi. Washa tena uangalie kenchi, zile mbao zinazobeba paa, hasa pale zinapokaa juu ya ukuta, maana mchwa hupandia humo kwa vijia vyake vya udongo. Choma mbao kwa bisibisi. Iliyoliwa itaonekana nzima kwa nje na bisibisi itazama. Bati lenye kutu kwenye matundu ya misumari linaweza kubadilishwa, hilo ni suala la bei tu. Ila ukikuta paa la shuka nene za kijivu zenye mawimbi, za zamani, zichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Usizikanyage, zisitobolewe, zisikatwe, vumbi lake lisifagiliwe. Nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu zinaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi sana. Watoto wa fundi wako wanamhitaji baba yao.

Umeme wa nyumba hizi mimi huuhesabu kuwa unafungwa upya wote. Mita ya LUKU ni mpya, lakini nyaya zilizo juu ya dari ni za enzi ya taa chache na redio, nyingi hazina ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na viungo vimefungwa utepe. Choo nacho uliza shimo la zamani liko wapi, kwani lipo lililofukiwa na kujengewa chumba juu. Kisima kiwe mbali na shimo, mita 30 au zaidi.

Mwisho toka nje utembee hadi mpakani. Kama kuna mto, iwe Mpiji, Mbezi au Tegeta, pima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mto au ufukwe, na kingo za mito hii zinamomonyoka, hasa palipochimbwa mchanga. Nyumba iliyojengwa mbali na mto miaka 40 iliyopita leo inaweza kuwa ukingoni. Hiyo sinunui hata ikishushwa bei nusu, wala ile inayoendelea kutembea kwenye mfinyanzi. Mengine yote, unyevu, kenchi, bati, nyaya, mwite fundi wako mwenyewe, asiwe wa dalali, akuandikie gharama ya kila kimoja, na karatasi hiyo muiweke mezani wakati wa kupatana bei.