Meshi ya ngazi: ukipanda kidato, punguza mwendo

Kijana akiingia kwenye atelye (karakana) ya kofre, yaani masanduku ya bati ya umeme, hapa Lubumbashi, moja ya vifaa vya kwanza anavyopewa ni meshi ya ngazi, yaani keekee ya kutobolea bati, ile ya umbo la koni iliyokatwa vidato. Inaonekana haidai ujuzi. Unaisukuma kwenye bati, tundu linapanuka kidato kwa kidato, na unafika milimita 20 bila kubadilisha meshi hata mara moja. Lakini mikononi mwa wageni wa kazi ndiyo meshi inayokufa upesi kuliko zote, kisha lawama inakwenda kwa muuzaji. Ni kweli kwamba kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huingia vifaa vya kila daraja. Ila nyingi ninazoziona zimeungua, kilichoziua ni mwendo.

Wadogo zangu, hesabu yake si ngumu. Chuma laini kinakatika vizuri makali yakitembea kama mita 20 kwa dakika. Kwenye kidato cha milimita 6, hiyo ni mizunguko 1,000 hivi kwa dakika. Ukifika kidato cha milimita 20, mwendo uleule wa makali unataka mizunguko 300 na kidogo tu, na kwenye milimita 32 inabaki 200. Mashine ya kutobolea haijui kama umepanda. Ukishikilia kitufe mpaka mwisho tangu kidato cha kwanza hadi cha mwisho, vidato vya juu vinakwenda mara tatu hadi tano ya mwendo wake, na hivyo ndivyo vyenye kazi kubwa. Kwa hiyo weka mashine kwenye gia ya 1, ile ya polepole, zima kabisa hali ya kugonga inayotumika kutoboa ukuta, na kila ukipanda kidato legeza kidole. Halafu angalia nyuzi za chuma zinazotoka. Zikiwa na rangi ya fedha, endelea. Zikianza kuwa buluu na mafuta yakitoa moshi, simama kwanza.

Na msinifungie meshi hiyo kwenye diskeze, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma. Wapo wanaotafuta namna ya kuifunga. Diskeze ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kitakachoruka hapo hakichagui jicho la nani.

Umeme ukidhoofika jioni, mashine inalemaa, na mtu anailalia kwa uzito wake wote. Meshi haikati tena, inasugua. Ni afadhali ungoje au uchukue mashine ya betri. Kwa inoksi (chuma kisichoshika kutu) jambo hili lina adhabu zaidi: inoksi ikisuguliwa bila kukatwa, uso wake unakuwa mgumu, na meshi itakayofuata itateleza palepale. Punguza mwendo uwe nusu ya ule wa chuma laini, tia mafuta, sukuma kwa nguvu isiyokatika, na tafuta meshi yenye kobalti. Rangi ya dhahabu isikudanganye, maana hiyo ni ngozi ya juu tu. Wakati wa kununua, ifunge kwenye mashine, izungushe polepole na utazame ncha: ikiyumba, irudishe.

Jambo la pili ni unene. Kila kidato kina kimo chake, mara nyingi milimita 4 au 5, na bati linapaswa kuwa jembamba kuliko kimo hicho. Likizidi, kidato cha juu kinaanza kukata kabla cha chini hakijamaliza, na unabaki na tundu pana juu, jembamba chini. Bati la kofre la milimita 1.5 au 2 ndilo mahali pake. Mji huu ulizaliwa na shaba, tanuru lake la kwanza liliwashwa 1911, basi kila atelye ina baa za shaba za kusambazia umeme ndani ya kofre, na kila kijana mpya anajaribu kuzitoboa kwa meshi ya ngazi. Baa ya milimita 5 au 10 si kazi yake. Shaba inang'ang'ania makali na kuivuta meshi ndani kwa nguvu. Tumia meshi ya kawaida, na baa iwe imebanwa kwenye jiliwa, si mkononi mwa mwenzako.

Bati jembamba nalo libanwe, tena juu ya ubao. Piga alama kwa pwanto, yaani msumari wa chuma wa kutia alama. Kama ncha ya meshi haianzi yenyewe, tangulia na tundu dogo la milimita 3. Kisha zungushia utepe kwenye kidato kinachofuata kile unachokitaka, kwa sababu namba zilizochongwa huwezi kuzisoma meshi ikizunguka, na kidato kimoja cha ziada hakifutiki. Tundu likitimia, gusisha kidogo tu ukingo wa kidato cha juu: miba yote ya chuma ukingoni inaondoka na tupa haihitajiki. Hiyo ndiyo raha ya meshi hii.

Kabla ya kuanza, linganisha vidato na kazi. Meshi ya 4 hadi 32 inayopanda kwa milimita 2 haina 25. Presetupu, kile kifungio cha kebo inapoingia kwenye kofre, ya M20 (uzi wa milimita 20) inataka tundu la 20 na nusu hivi, kwa hiyo utamalizia kwa tupa ya mviringo. Kwa M25 utasimama kwenye 24 na tupa itafanya kazi zaidi. Vitufe na taa za kofre za kipimo cha 22 ni vilevile: toboa 22, kisha panua nusu milimita. Atelye yenye kazi nyingi ya presetupu inunue meshi iliyotengenezwa kwa vipimo hivyo.

Makali yakichoka, noa kwa jiwe dogo upande wa ndani wa mfereji peke yake. Ukigusa mzunguko wa nje umepoteza vipimo vyote.

Kofre ikienda nje, toboa upande wa chini ili mvua isifuate kebo na kuingia, na pakaa rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo kabla ya kufunga presetupu. Ikishafungwa, hakuna anayeifungua tena kwa ajili ya rangi.