Mgombea udiwani anayeahidi nyumba nafuu: mwulize ramani kabla ya idadi

Mleta mada analalamika kwamba kila mgombea, awe wa udiwani au umeya, anaahidi nyumba za gharama nafuu, na anauliza kama halmashauri ina ubavu huo au ni porojo za kampeni. Niliwahi kuwa karani wa vikao kwenye kamati ya mipango miji ya manispaa moja, kazi yangu kuandika mihtasari, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Ubavu upo, ila siyo ule unaotajwa majukwaani. Riba ya mikopo na bei ya saruji haviko mikononi mwa diwani. Yeye anapigia kura mpango wa matumizi ya ardhi, vibali, viwanja vinavyomilikiwa na halmashauri, pamoja na bajeti ya barabara na maji taka. Mtaa ukipangwa kuwa wa nyumba moja kwa kiwanja, bei yote ya ardhi inabebwa na familia moja. Ruhusu ghorofa tatu hapo, wanagawana. Auckland, jiji la New Zealand, ililegeza masharti ya namna hiyo kwenye sehemu kubwa ya makazi yake mwaka 2016, na vibali vya ujenzi vikapanda sana.

Sasa njoo siku ya kusikiliza maoni ya wananchi. Ukumbi unajaa wenye nyumba wa jirani, wengi umri umekwenda na wana nafasi mchana. Hakuna anayepinga nyumba nafuu, hata mmoja! Wanachopinga ni hapa: foleni, kivuli, bomba la maji taka. (La bomba mara nyingi ni kweli, tusiwadharau.) Wale ambao wangehamia kwenye jengo hilo hawapo ukumbini. Wako kazini, au wanapanga nje ya mipaka ya manispaa na hawana hata kura ya kumtishia diwani. Naye anajua kupiga hesabu: uchaguzi wa mitaa watu hujitokeza wachache, na hawa waliomkodolea macho watajitokeza. Nilimshuhudia mmoja, mabango yake yote yalihubiri makazi kwa wote, akiomba jambo liahirishwe hadi baada ya uchaguzi "kwa utafiti zaidi". Likaahirishwa, mwekezaji akaondoka.

Halafu pima ahadi kwa mamlaka. Wasosholisti wa Vienna, mji mkuu wa Austria, walishika baraza la jiji mwaka 1919, na kufikia 1934 walikuwa wamejenga nyumba zaidi ya 60,000. Watu huitaja Vienna kana kwamba ilitosha kuwa na nia. Jiji lile lilipata hadhi ya jimbo mwaka 1922, likaweza kutunga kodi zake lenyewe, na mwaka uliofuata likaanzisha kodi ya makazi iliyowabana zaidi wenye majumba ya kifahari. Berlin nayo ni jimbo, ilianza kudhibiti kodi za pango mwaka 2020, lakini mwaka 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria hiyo kwa kuwa suala hilo lilikuwa tayari chini ya sheria ya shirikisho. Kwa hiyo mgombea akisema atashusha pango, mwulize kwa sheria ipi na kwa fedha za mfuko gani.

Mwulize pia nafuu yake inapimwa kwa kipato cha mpangaji au kwa bei ya soko. Uingereza, tangu 2011, upo mpango wa "pango nafuu" unaoruhusu kutoza hadi asilimia 80 ya bei ya soko. Soko likipaa, nafuu inapaa nalo.

Kama mgombea anatetea kiti chake, achana na ilani, kaombe mihtasari ya kamati uone alivyopiga kura miradi ilipofika kwenye kata yake mwenyewe. Kama ni mgeni, mwombe ataje mtaa mmoja wa kata hiyo ambako angeruhusu ghorofa, na alitaje mbele ya wakazi wa mtaa huo. Akianza kuzungumzia mashamba ya pembezoni mwa mji, ambako hakuna basi wala mpiga kura, tayari umepata jibu lako mkuu.