Jibu: Nianze na udahili au na ufadhili?

Ndugu, umeuliza kama mwalimu mwenye miaka mitatu kazini, asiye na akiba, atafute kwanza chuo Uingereza au mfadhili wa shahada ya uzamili. Kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza unaolipa ada, nauli na posho ya kujikimu, mambo hayo mawili huenda sambamba: katika maombi ya ufadhili unataja kozi tatu, kisha unaziomba kozi hizo kwenye vyuo vyenyewe, na barua ya udahili usio na masharti huhitajika baadaye, kabla ya safari. Usisubiri chuo kikujibu ndipo ufungue fomu ya ufadhili, kwa kuwa dirisha hilo hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza.

Uzoefu unaotakiwa ni saa 2,800, yaani takriban miaka miwili ya kazi ya kutwa, na kazi za kujitolea huhesabiwa.

Nguvu zako nyingi ziende kwenye insha. Anayeandika kwamba ni kiongozi bila kueleza, kwa mfano, jinsi alivyoanzisha klabu ya sayansi shuleni na nini kilibadilika, hatofautiani na mamia ya wenzake. Nakala rasmi ya matokeo uifuatilie mapema. Mimi chuo nilichosoma kilinizungusha wiki sita.

Kwa kuwa mnufaika hutakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako kwa maandishi kabla hujaondoka.