Muulize mgombea ameomba leseni wapi

Mwaka niliojiunga na chama chetu cha watafuta madini wa mashariki, bodi ilichaguliwa kwenye uwanja wa shule moja ya msingi hapa Busia, mashariki mwa Uganda, na shughuli nzima haikufika nusu saa. Wagombea wa uenyekiti walikuwa wawili. Mmoja alisimama chini ya mwembe, mwingine karibu na goli la mpira, nasi tukaambiwa kila mtu apange mstari nyuma ya mtu wake. Yule wa mwembeni ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga mawe tuliyoitegemea karibu sote. Mimi alikuwa ananidai pesa za kusagiwa magunia manne. Nikatazama goli, nikatazama mwembe, nikaona daftari lake la madeni limechungulia kwenye mfuko wa koti. Nikaenda mwembeni. Mbele yangu alisimama jirani yangu wa magunia kumi na moja, na hatukutazamana usoni.

Kupanga mstari hatukukubuni sisi. Uchaguzi wa LC1, yaani viongozi wa kijiji, wa Julai 2018 ulifanywa hivyo nchi nzima, na watu wanaupenda kwa sababu hauhitaji karatasi na kila mtu anahesabu kwa macho yake. Kijijini sina ugomvi nao. Lakini ninyi mnaosagiana mawe, kukopeshana na kununuliana dhahabu, mstari wenu ni lile daftari la madeni limeota miguu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi: pigeni kura ya siri, hata kama mna wanachama arobaini tu. Uchaguzi uliofuata tulikata karatasi za daftari, katibu akazigonga muhuri, tukatoboa kifuniko cha ndoo ya rangi, na kila mtu akaingia darasani peke yake. Kwa wasiosoma tuliweka alama: sululu, karai, nyundo. Mwenye mashine aligombea tena. Mashine ilikuwa ile ile na madeni yalikuwa yale yale, ila kura alizopata hazikufika nusu ya ule mstari wa mwembeni.

Hilo la deni, hata hivyo, ni dogo. Lililotuumiza lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa anamdai mtu yeyote.

Bodi ya chama cha utafutaji madini haifanani na bodi ya SACCO. Kwenye SACCO mwizi huchukua pesa, na pesa zikipungua mkaguzi ataona. Kwetu mwizi huchukua habari, na habari ikichukuliwa bado inabaki pale pale, hakuna anayeona pengo. Fikiria jinsi kazi inavyokwenda. Chama kinachanga, kinampata mwanajiolojia kijana aliyemaliza Makerere, anachukua sampuli za udongo bonde zima kwa mistari, zinafungwa kwenye vifuko vyenye namba, zinapelekwa maabara. Majibu yanarudi kwenye karatasi moja. Wanaoisoma kwanza ni watu watatu au wanne wa bodi. Wengine tutaisikia kwenye mkutano, labda mwezi unaofuata, mvua ikiruhusu.

Sasa kumbuka kwamba ibara ya 244 ya Katiba inayaweka madini chini ya serikali. Shamba linaweza kuwa la babu yako, kaburi lake likiwa pale pale, lakini dhahabu iliyo chini inahitaji leseni, na anayetangulia kuomba ana nafasi kubwa kuliko anayefuata. Kujua wiki tatu kabla ya wenzako kwamba bonde fulani lina kitu ni mali. Vivyo hivyo kujua kwamba kampuni kubwa inaachia sehemu ya eneo lake: chini ya sheria ya madini ya 2003, mwenye leseni ya utafiti akiongeza muda alitakiwa kurudisha nusu ya ardhi, na mtu aliyekunywa chai na watu wa ile kampuni alijua ni nusu ipi.

Yaliyotupata sisi ni haya. Tulipima bonde moja, majibu yakawa mazuri, tukaanza kukusanya pesa za maombi. Tulipofika ofisi ya leseni tukaambiwa eneo limeshaombwa na kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Tukafuatilia. Mmoja wa wakurugenzi wake alikuwa shemeji wa mjumbe wetu wa bodi. Tulipomuuliza alijibu bila kupepesa: yeye na shemeji yake ni watu wawili tofauti, na kanuni za chama hazisemi kitu kuhusu mashemeji. Alikuwa sahihi! Kanuni zetu zilikuwa na ukurasa mzima juu ya bendera na rangi za kadi za uanachama, na hazikuwa na mstari mmoja juu ya mjumbe anayetumia majibu ya maabara kwa faida yake.

Tangu hapo, kabla sijampa mtu kura yangu, huwa natafuta ardhi yake. Hili si gumu kama linavyosikika. Ramani ya leseni za madini ya Uganda iko mtandaoni. Ukiwa na simu yenye bando unaweza kubonyeza kiraka kimoja kimoja ukaona nani anakimiliki. Jina la kampuni likikuficha mtu, nenda kwenye usajili wa makampuni, lipa ada ya utafutaji, upewe majina ya wakurugenzi. Tukichangia watu watano haiumi. Halafu kwenye mkutano wa wagombea, mtu asimame aulize kwa sauti: ndugu mgombea, wewe, mke wako au mume wako, ndugu zako wa karibu, mna leseni au maombi wapi?

Sikiliza anavyojibu. Mmoja alituambia tunaingilia mambo ya familia yake. Mwingine alicheka, akasema yeye ni maskini, angepata wapi leseni, na wiki ile ile tulikuwa tumeona jina lake kwenye ramani. Wa tatu, mzee mmoja wa Namayingo, alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa na maombi mawili, moja likipakana kabisa na eneo la chama. Akasema siku litakapojadiliwa atatoka nje, na kama akisahau kutoka tumkumbushe. Huyo nilimpigia kura, na ametolewa nje mara mbili, mara ya pili kwa kunung'unika kidogo.

Watu wengine hapa hukosea upande wa pili. Wakishaumwa na nyoka, wanataka bodi ya watu wasio na ardhi yoyote: mwalimu mstaafu, mchungaji, mwenye duka. Watu wazuri kabisa. Lakini mtu ambaye hajawahi kuomba leseni hajui fomu inakwamia wapi, hajui kusoma karatasi ya maabara, na mwanajiolojia akimwambia gramu mbili za dhahabu kwa tani ya mawe anadhani ni matusi. Mwenye ardhi anafaa, mradi ardhi yake tunaijua.

Jambo jingine linalohitaji jasho ni daftari la wanachama. Watu husubiri siku ya kura ndipo wafungue macho, na kumbe kura imeshaibiwa wiki mbili kabla. Mwaka mmoja mgombea alimlipia ada kundi zima la vijana wa mashimoni usiku wa kuamkia uchaguzi, wakaja na risiti bado zina wino mbichi. Mwaka huo huo mtu mmoja alifika na barua kumi na nne za watu wa mbali waliomtuma awapigie kura, zote zimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Mmoja kati ya wale kumi na wanne tulikuwa tumemzika Machi. Dawa yake tuliipata kwa kugombana sana: anayepiga kura awe amelipa ada siku sitini kabla, mtu asibebe barua zaidi ya moja, na daftari libandikwe ukutani wiki tatu ili kila mtu alisome na kulalamika.

Hapa mpakani kuna jambo ambalo watu wa Kampala hawalifikirii. Nusu ya ukoo wako Busia hii, nusu Busia ile ya Kenya, na mnachimba pamoja tangu ujana. Sheria ya Madini ya 2022 imewatambua wachimbaji wadogo wadogo na kuwapa leseni yao, lakini leseni hiyo ni ya raia wa Uganda tu. Chama kikitaka kuomba leseni ya namna hiyo, daftari lililochanganya raia na wasio raia litawaletea shida. Sisi tuliwatenga kwa upole: wale wa ng'ambo ni marafiki wa chama, wanakaribishwa mkutanoni, wanakula pilau, hawapigi kura. Binamu yangu alinuna miezi miwili.

Kama chama chenu ni cha mkoa, si cha kijiji, gaweni viti kwa maeneo kabla ya kufikiria majina. Watu wa dhahabu tuko wengi na tuna kelele. Tukiachiwa, bodi yote itatoka Busia na Namayingo, na kila ajenda itakuwa karai na zebaki ya kunasia dhahabu. (Zebaki ambayo, kwa taarifa yenu, sheria hiyo ya 2022 imeipiga marufuku, na mgombea anayewaahidi kuileta kwa bei nafuu anawapeleka jela.) Lakini Tororo wana fosfeti ya Sukulu, ile ya mbolea, na mawe ya chokaa ya saruji. Kule Makuutu kuna udongo wenye madini adimu, ambayo huyaoni kwa jicho wala huyapati kwa kuosha. Mtu wa huko anabeba mfuko wa udongo mwekundu ambao mchimba dhahabu atautupa. Shida zao si zetu. Kampuni kubwa inapokuja kwao, swali ni fidia ya mashamba na makaburi. Bila kiti chao wenyewe hawatasikika, na baada ya miaka miwili wataacha kulipa ada.

Kiti cha wanawake tulikuwa nacho tangu mwanzo, kwa kuiga halmashauri za serikali za mitaa. Ila tulikuwa tunakipigia kura wote, na kwa kuwa wanaume ni wengi kwenye daftari, alipita mama anayewapendeza wanaume. Siku moja mama mmoja anayeosha mchanga aliniambia, mikono yake bado iko ndani ya beseni: "Mwanangu, hicho kiti mnakiita chetu, mbona mnakikalia ninyi?" Sikuwa na jibu. Sasa wanawake wanakipigia kura peke yao, na mjumbe waliyemleta ndiye aliyegundua kwamba mzani wa chama ulikuwa unapunja.

Mengine nayasema kwa haraka. Msimamizi wa uchaguzi atoke nje ya chama. Sisi tulimwomba mkuu wa shule, tukampa nauli na chakula cha mchana, basi. Msiwabadilishe wajumbe wote mwaka mmoja, la sivyo hakuna atakayejua faili ziko kwa nani. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Akidi iandikwe kwa namba. Na sukari, chumvi, sabuni za wagombea, mkipewa, kuleni, ndoo ya rangi haitawaona.

Uchaguzi wetu mwingine uko karibu. Daftari limebandikwa ukutani nje ya ofisi, karatasi sita zimefunikwa na nailoni kwa ajili ya mvua, na watu wanapita wakifuata majina kwa kidole. Jana nilikwenda kulisoma. Jina langu liko mara mbili, ukurasa wa pili na ukurasa wa tano, la pili likiwa na herufi moja tofauti. Nilisimama pale kidogo. Jirani yangu wa magunia kumi na moja alikuwa nyuma yangu na ameona. Nikaazima kalamu yake, nikaingia ndani kumwonyesha katibu la kufuta.