Raba za soli nyembamba: mbona pekupeku sikuumia?

SWALI: Assalaam alaykum dada yangu. Mie nakaa Konde, Pemba, mama wa watoto wawili, nakimbia baada ya sala ya alfajiri siku tatu au nne kwa wiki, kilomita tano sita hivi. Wifi yangu kaniletea raba za kike kutoka Uingereza, nyepesi mno, soli yake unaikunja kwa mkono mmoja kama champali na kisigino hakijanyanyuka hata kidogo. Siku ya kwanza kwenye lami nilijiona naruka. Ya pili nikaingia nazo njia ya msitu wa Ngezi, ya tatu lami tena, ya nne asubuhi kushuka kitandani siwezi, vigimbi vimekaza kama mawe, na sasa mguu wa kulia unauma kwa juu, nyuma ya kidole cha pili. Kinachonishangaza, sie tumekua tukikimbia pekupeku, skuli tunakwenda viatu viko mkononi, na sikuumia hata siku moja. Sasa raba ndo mbovu au mguu ndo mbovu? Niziuze?
Mkimbiaji wa Konde

JIBU: Wa alaykum salaam shoga yangu. Usiziuze, lakini kwa sasa zitoe mguuni kabisa, na kukimbia kwenyewe usimamishe mpaka tujue huo mguu una nini. Maana vigimbi na huko juu ya mguu ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Kaa kitako, chukua kidole gumba, bonyeza taratibu ule mfupa wa nyuma ya kidole cha pili, anzia mbele unarudi nyuma. Maumivu yakiwa yametandaa mguu mzima huo unaweza kuwa uchovu tu. Yakiwa pahala pamoja, padogo kama senti, ukipagusa unaruka, basi mfupa huenda umeanza kupata ufa, nenda hospitali usingoje. Na ukipigwa eksirei wiki ya kwanza ikatoka safi usifurahi haraka, ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye picha mpaka zipite wiki mbili tatu, kwa hiyo mwambie daktari unakimbia na mwambie umebadilisha viatu. Jengine, hili nalisema kwa wanawake wote mnaosoma hapa: kama siku zako zimepotea au zinaruka miezi na mimba huna, mwambie daktari pia bila ya haya. Mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo hedhi hukatika na mifupa hudhoofika, na ufa huanzia hapo hapo miguuni.

Vigimbi sasa. Raba za kawaida za kukimbilia kisigino kiko juu kuliko vidole kwa milimita 10 au 12 hivi, hizo zako kisigino na vidole viko usawa mmoja. Ukivaa bapa kisigino kinashuka chini zaidi, ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unavutika kuliko ulivyozoea, na kwa kuwa soli haina sponji mwili wenyewe unakukatalia kutua kwa kisigino, unatua kwa mbele, na kila hatua kigimbi ndo kinashika uzito wako wote. Goti linapumua, kigimbi kinabeba. Ndo maana ulijiona unaruka, ulikuwa unaruka kweli, ila bili imekuja siku ya nne.

Na hilo la pekupeku, swali zuri sana na mie limenikaa moyoni. Ulipokuwa mtoto ulikuwa mwepesi, ulianza na miaka miwili mitatu ukapanda nayo, na njia zilikuwa mchanga na udongo. Halafu ngozi ilikuwa inasema: ukikanyaga kijiwe kama punje ya hindi mguu unaondoka wenyewe kabla hujafikiri. Raba nyembamba inaziba hiyo sauti kidogo lakini haikingi mfupa. Baada ya hapo umekaa miaka mingapi na viatu vya kisigino, umezaa mara mbili, mguu ule wa skuli sio huu.

Watu hupenda kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku. Ni kweli, lakini Tokyo 1964 alishinda tena, safari hiyo kavaa viatu, na alikimbia kasi zaidi. Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walichapisha utafiti 2013, wakimbiaji 36, 19 wakahamishwa polepole kwenda raba zile zenye vidole kama glavu, baada ya wiki 10 watu 10 kati ya hao 19 picha ya MRI ikaonesha mifupa ya miguu imezidi kuvimba ndani. Na hao walikuwa na ratiba, weye umekwenda siku tatu mfululizo na msitu juu!

Ukishapona inshallah, mwezi mzima zivae za kutembelea tu, nyumbani, dukani. Halafu kimbia nazo kilomita moja mara mbili kwa wiki, zilizobaki malizia na raba zako za zamani, ongeza kidogo kila wiki, miezi mitatu minne si mingi. Anza na lami, huko unaona unapokanyaga. Ngezi iwe mwisho, mizizi imejificha chini ya majani, na masika ule udongo unateleza kama sabuni, soli isiyo na meno haishiki kitu.

SWALI: Niko Makunduchi, nataka raba moja nyembamba ya lami na ya njia za maweni. Darajani nimeona za kiume bei nafuu, nichukue?

JIBU: Kwa maweni hapana, bibie. Yale mawe ya matumbawe yana makali, soli ya milimita chache utayahesabu yote kwa unyayo. Tafuta yenye meno na bamba gumu ndani ya soli, lami utaivumilia tu. Za kiume sikatai, ila wanawake wengi mbele ya mguu ni pana na kisigino chembamba, ndo maana kampuni ya viatu ya Merrell walitengeneza Trail Glove ya wanaume na Pace Glove ya wanawake. Itoe soli ya ndani uikanyage, vidole vikimwagika pembeni iache. Na jaribu jioni, mguu ushavimba, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.