“Get” si “pata” peke yake

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba “get” ni kupata. Sasa nakutana na “get tired”, “get home”, “get paid”, na “pata” haiingii popote. Nizikariri vipi maana zote hizi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usizikariri. Funika “get” kwa kidole, usome neno linaloifuata; hilo ndilo linaloamua.

Likiwa kitu, “pata” yako inatosha: “get a job”, kupata kazi. Likiwa mahali, ni kufika: “get to school”. Wengi huteleza kwenye “home”, “here” na “there”, maneno yasiyotaka “to”. Ni “I got home”, siyo “I got to home”.

Likiwa sifa, hali inabadilika, na Kiswahili hulimaliza jambo hilo ndani ya kitenzi kimoja: “get tired” ni kuchoka, “get angry” kukasirika, “get old” kuzeeka. Ukitafuta neno la kusimama badala ya “get” hapo hulioni, limeshamezwa. Ila usirudi na njia hiyohiyo kinyumenyume. “Nilichelewa” si “I got late”, ingawa maofisini kwetu inasikika sana. Ni “I was late”. “It got late” ni sahihi, lakini maana yake ni kwamba muda ulikwenda, pengine hadi usiku.

Mbele kukiwa na “paid” au “robbed”, tia -w- ya kutendwa: kulipwa, kuporwa. “Get married” ina usumbufu wake, kwani haisemi nani ameoa na nani ameolewa. Hapo utachagua mwenyewe.

Kwenye daftari usiandike “get = shuka”. Andika sentensi nzima: “I got off the bus at the market.”

SWALI: Mbona basi ni “get off”, teksi ni “get out of”? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli au ndege, huenda na “get on” na “get off”. Vivyo hivyo unachokikalia kwa juu: baiskeli, bodaboda, farasi. Teksi na gari dogo, unamoingia kwa kuinama na kukaa papo hapo, ni “get in” na “get out of”. Kipanya nacho, hata kama humo ndani shingo imepinda, kinahesabiwa basi.